Kadiria kwanza, kompyuta baadaye

Mwaka wangu wa kwanza kufundisha kompyuta chuoni, mwanafunzi mmoja aliniletea ripoti ya mauzo ya duka la shangazi yake. Kazi ilikuwa safi. Jedwali limepigwa mistari, vichwa vya safu vimekolezwa wino, kila bidhaa ina bei yake. Chini kabisa, kwenye mstari wa jumla, pameandikwa 0.

Nikamuuliza, "Duka limeuza mwezi mzima, halafu jumla ni sifuri?"

Akaitazama karatasi, akanitazama mimi. "Madam, ndivyo kompyuta ilivyotoa."

Kosa lenyewe lilikuwa dogo. Aliandika bei kama tunavyoziandika kwenye risiti: 25,000/=. Excel, programu ya majedwali tunayoitumia, ikiona alama hizo mwishoni haihesabu tena kuwa ile ni namba, inaichukua kama maneno, na fomula ya SUM, ile ya kujumlisha, huyaruka maneno. Dalili yake iko wazi ukishaijua: namba hukaa upande wa kulia wa kisanduku, maneno hukaa kushoto, na bei zake zote zilikuwa zimeegemea kushoto. Kumweleza kulichukua dakika mbili. Kilichoninyima usingizi ni kwamba yule binti alikuwa na alama nzuri kwenye somo langu, na mimi ndiye niliyempa. Kila kitufe nilichomfundisha alikijua. Hakuwahi kusikia kutoka kwangu kwamba jibu la kompyuta linaweza kukataliwa.

Tangu hapo darasani kwangu kuna sharti moja: hakuna kugusa kibodi kabla ya kuandika makadirio kwenye daftari, kwa kalamu, na kalamu haifutiki. Ukikadiria milioni mbili na Excel ikakupa elfu ishirini, mmoja wenu amekosea, na kazi yako ni kumjua nani. Nakushauri, mwalimu mwenzangu, ukibadilisha jambo moja tu kwenye somo lako, badilisha hilo. Alama ninatoa kwa makadirio na maelezo ya tofauti, hata kama makadirio yalikuwa mbali. Bila hivyo wanasubiri jibu litoke, kisha wanajifanya walilikadiria.

Mfano ninaoupenda ni wa sensa yetu. Sensa ya 2012 ilihesabu Watanzania 44,928,923, ya 2022 ikahesabu 61,741,120. Kwa mwaka tumeongezeka asilimia ngapi? Tunaanza kwa mdomo. Kutoka milioni 45 kwenda karibu 62 ni kama milioni 17, na 17 kwa 45 ni theluthi na zaidi kidogo, kwa hiyo tunategemea asilimia 35 hadi 40 kwa miaka yote kumi. Excel inatoa 37.4, darasa linafurahi. Wanagawanya kwa kumi, wanapata 3.7, wanafunga daftari.

Hapo ndipo ninapowaonyesha kiwango kilichotangazwa rasmi: asilimia 3.2.

Ukimya, halafu kelele. Wapo wanaosema serikali imekosea, wapo wanaosema Excel imekosea. Ninawaacha wabishane dakika kumi nzima, na hizo ndizo dakika bora za muhula wote. Kisha nawaambia waweke namba ya 2012 juu, waizidishe kwa 1.037, waburute fomula mistari kumi. Wanafika zaidi ya milioni 64. Wamezalisha watu karibu milioni tatu ambao hawapo! Wanajaribu 1.032, wanafika milioni 61 na nusu. Kwa kawaida huwa ni mtu wa kwenye vikoba anayekwenda nayo mbio: "Madam, hii ni riba juu ya riba." Ndiyo. Ongezeko la mwaka huu linahesabiwa juu ya watu wa mwaka jana, ambao nao walikuwa wameshaongezeka. Fomula ya hilo wanaikuta baadaye, wakiwa tayari wanaihitaji.

Mtaona nimesema mabishano. Mabishano hayo hayatokei kwa Kiingereza. Wanafunzi wetu wamesoma msingi kwa Kiswahili, wakaingia sekondari lugha ikageuka ghafla, na wengi wakaachana na Hisabati hapo hapo. Nikiuliza "What is the percentage increase?" darasa zima linainamia viatu. Nikiuliza, "Nauli ilikuwa mia tano, sasa ni mia sita, imepanda kwa sehemu gani ya ile ya zamani?" mikono inapanda mpaka nyuma. Mtihani ni wa Kiingereza, najua, na mwishoni tunarudi huko. Lakini fikra ipite kwanza kwenye lugha ambayo mtu anagombania chenji nayo kwenye daladala. Kijana aliyeamini kwa miaka kumi kwamba hana kichwa cha hesabu hupiga hesabu ya faida ya maandazi bila kusita. Mwonyeshe kwamba ile ndiyo hesabu yenyewe. Nimewaona watu wazima, wenye watoto, wakitokwa machozi siku hiyo, na sioni sababu ya kulificha hilo.

Kuhusu uhaba wa kompyuta: ukiwa na watatu kwa mashine moja, anayejua ndiye atakayeshika kipanya, na wenzake watatazama muhula mzima. Kwangu anayejua anakatazwa kugusa. Anayegusa ni yule asiyewahi kushika kompyuta, na mjuzi anaongoza kwa maneno tu. Mwanzoni ni mateso kwa wote wawili. Kufikia wiki ya tatu mjuzi amejifunza kueleza, na mgeni amezoea vidole vyake. Umeme ukikatika, usiwaruhusu kutoka, kwa sababu kukadiria hakuhitaji umeme.

Mitego mingine ifundisheni mapema: namba ya simu inayopoteza sifuri ya mbele, tarehe 3/4 ambayo kompyuta moja inaisoma Aprili na nyingine Machi, safu ya umri ambamo mtu mmoja ameandika 1998 badala ya 24 na wastani wa darasa unaruka. Mitihani yangu siku hizi haiulizi kitufe gani kinafanya nini. Ninawapa faili lenye makosa matatu na kuwaambia wayatafute.

Wakiona kutafuta makosa ni kazi ya chini, ninawasimulia habari za Thomas Herndon. Mwaka 2013 alikuwa mwanafunzi wa uzamivu Chuo Kikuu cha Massachusetts, Amherst, akapewa zoezi la kurudia hesabu za makala ya 2010 ya maprofesa wawili wa Harvard, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, kuhusu deni la taifa na ukuaji wa uchumi. Makala hiyo ilinukuliwa sana na waliotaka serikali zikaze mikanda. Herndon hakuweza kuyapata majibu yao. Alipopata faili lao la Excel, aliona fomula ya wastani imeishia mstari wa 44 badala ya 49. Nchi tano zilikuwa zimeachwa nje. Yeye na walimu wake walikuwa na hoja nyingine pia, lakini kosa hilo la Excel Reinhart na Rogoff wenyewe walilikiri. Kila muhula nikifika hapo, darasa linataka kujua alikuwa mwaka wa ngapi.

Zoezi la mwisho ni la mkopo. Laki tatu, riba "asilimia kumi tu kwa mwezi", marejesho ya 80,000 kila mwezi kwa miezi sita. Makadirio ya wengi: riba ni elfu thelathini. Kwenye jedwali inatoka laki na elfu themanini. Kisha tunaongeza safu ya deni lililobaki, kwa sababu kila mwezi unarudisha sehemu ya fedha lakini riba inaendelea kutozwa kana kwamba bado unazo laki tatu zote mkononi. Tunaiuliza Excel kwa fomula ya RATE riba halisi ni ngapi. Zaidi kidogo ya asilimia 15 kwa mwezi.

Mara ya mwisho tulipofanya zoezi hilo, mwanafunzi mmoja wa mstari wa mbele alipiga picha ya skrini kwa simu yake, akanyoosha mkono. Aliomba atoke kidogo ampigie mama yake, kabla hajaenda kuchukua ule wa pili.