Barua kwa mwanangu aliyezima habari

Mwanangu,

Assalamu alaykum. Huku sote wazima, alhamdulillahi. Joto limetushika na maji ya mfereji hayaji ila usiku wa manane, lakini hilo si geni kwako. Jumapili simu ilikatika kabla sijakujibu, na ulipopiga tena tukachukuliwa na maneno ya harusi ya binamu yako. Swali lako sikulisahau. Ulisema umejitoa kwenye makundi yote ya WhatsApp yanayojadili siasa, umezifuta programu za habari kwenye simu, hata taarifa ya saa tatu huitazami, na kwamba kwa mara ya kwanza tangu maandamano ya Juni 2024 unalala usiku kucha. Kisha ukaniuliza: "Mama, ni vibaya?"

Ningekujibu palepale, ningesema neno moja, tena la kukata. Nimeona afadhali niandike.

Mimi pia nimechoka, mwanangu. Ile Oktoba ya 2024 Naibu Rais Gachagua alipong'olewa, nilikaa kitako mbele ya runinga tangu magharibi mpaka Seneti ilipomaliza kupiga kura, na kulipokucha nikajiuliza nimepata nini. Tangu hapo hatujapumua. Nani kahamia chama kipi, nani kaonekana mazikoni na nani, nani atakuwa mgombea mwenza wa nani. Uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027 na kampeni zake tunazisikia tangu zamani. Hata khitima siku hizi haiishi mpaka mtu asimame aombe dakika mbili awasalimie wananchi.

Nilipoolewa na babako, habari ilikuwa na saa yake. Saa moja usiku taarifa kwa Kiswahili, saa tatu kwa Kiingereza, ikisha imekwisha, watu wakalala. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Habari za leo ni mgeni asiyeshika jembe wala hatoki. Umekula naye, umelala naye, ukifungua macho yuko juu ya kifua chako. Kwa hivyo ukiniuliza kama mtu ana haki ya kupumzika, sina haja ya kufikiri. Mchovu na apumzike. Unajua ninavyomalizia: ila asihame. Nimekwambia hivyo tangu uko shule na nitakwambia mpaka nife.

Lakini swali lako limenirudisha mahali pengine, na naona siwezi kuendelea bila kupita hapo. Januari 2018. Ulikuwa kidato cha tatu. Unaikumbuka ile Jumanne?

Tarehe 30 Januari, siku ambayo kiongozi wa upinzani, Raila Odinga, aliapishwa na wafuasi wake Uhuru Park, Nairobi, kuwa "rais wa wananchi". Babako alikuwa ameshastaafu bandarini, na tangu asubuhi alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, chai yake mkononi. Mara Citizen ikakatika. Akahamia NTV, kiza. KTN, kiza. Akadhani ni king'amuzi, akakipiga kofi. Akamtuma mtoto wa jirani apande darini aangalie antena. Kijana wa watu akaigeuza kila upande juani mpaka mjomba wako alipopiga simu kusema msijisumbue, ni serikali iliyozima. Babako alimwita yule mtoto ashuke, akampa pesa ya soda, akarudi kuketi. Hakusema kitu mpaka adhuhuri.

Alhamisi yake, tarehe 1 Februari, Mahakama Kuu iliamuru matangazo yarudishwe. Hayakurudi. Amri ya jaji ilitolewa na kiza kikaendelea, na Citizen haikuonekana tena mpaka tarehe 8. KBC, ile ya serikali, ilikuwa hewani wakati wote, picha safi kabisa, lakini babako alikataa kuifungua. Saa moja ikifika alikuwa anaketi mbele ya kioo cheusi, mikono magotini, nusu saa nzima, kisha anainuka kwenda kusali isha. Karibu kila siku. Mimi nikapita na sinia, wewe ukapita na vitabu vyako, yeye ametulia pale kama mtu anayehudhuria jambo.

Sasa nikwambie lililokuwa likiniuma na linaloniuma hadi leo. Mimi siku zile nilizifurahia. Tulikula pamoja, sote, babako akishasali, saa zilezile ambazo miaka yote zilikuwa za runinga. Ndugu yako alitoa karata. Ulitusomea insha yako ya Kiswahili na babako akakusahihisha ngeli. Usiku mmoja ulisema, nakumbuka ulikuwa umelala ukumbini kichwa kimenielemea pajani, "Mama, runinga isirudi." Nikacheka, nikasema amin. Babako alinigeukia kwa uso ambao sikuwahi kuuona tangu tuoane. Akasema: "Unaitikia dua hiyo?"

Tukagombana, nyie mkiwa mmelala. Nilimwambia nyumba imetulia, watoto wanazungumza, wewe mwenyewe presha imeshuka, kuna ubaya gani? Akanijibu kwamba utulivu wa kupewa na aliyekunyang'anya hauhesabiki. Nikamwambia utulivu ni utulivu. Tulilala kila mtu na ukuta wake.

Kesho yake, badala ya kuketi mbele ya kioo, alinieleza habari ya mlolongo. Nyie mmesoma mlolongo kwenye vitabu vya historia. Mwaka 1988, kura za mchujo za KANU, chama pekee wakati ule: hakuna karatasi wala sanduku, watu wanapanga foleni nyuma ya mtu wao, au nyuma ya mshika picha yake, msimamizi anahesabu vichwa. Babako alikuwa kijana, ameanza kazi juzi tu. Alipanga foleni iliyozunguka uwanja na kutokea barabarani. Foleni ya yule mwingine, alisema, ungeweza kuiita kwa majina, mmoja mmoja. Jioni wakakusanyika dukani kwenye redio, Sauti ya Kenya, kabla haijarudishiwa jina la KBC. Msomaji akaanza kama kila jioni kwa alichofanya Mtukufu Rais siku hiyo, kisha akasoma matokeo. Aliyeshinda ni yule wa foleni fupi.

"Nilikuwa nimesimama juani," aliniambia. "Nimeiona kwa macho yangu. Na redio ikasoma, na watu wakakohoa, wakanunua sukari, wakaenda zao. Hata mimi." Ndiyo maana KTN ilipoanza 1990 alidunduliza mpaka tukapata runinga, wakati tulikuwa hatuna hata jokofu. Nililalamika sana kuhusu lile jokofu. Hakuwahi kunieleza sababu. Miaka yote ile nilidhani anapenda tu kelele.

Kwa hivyo nilimwelewa. Kumkubalia ni jambo jingine. Amekufa hatujamaliza mjadala ule, Mungu amrehemu, na bado nabishana naye nikiosha vyombo. Namwambia: hadithi ya mlolongo ulinipa lini? Ulinipa runinga ikiwa imezimwa. Ingekuwa inawaka, ungekuwa unamsikiliza mchambuzi fulani wa suti na mimi ningekufa sijui. Akanijibu (nakisia, lakini namjua): ungeniuliza wakati wowote. Nami namwambia: ningekuuliza saa ngapi, na saa moja ni ya taarifa na saa tatu ni ya taarifa?

Unaona sasa ninapokwama. Wewe umezima mwenyewe, kwa kidole chako. Sisi tulizimiwa. Babako angesema hayo ni mambo mawili mbali kabisa, na mimi nakubali kwamba ni mawili, ila wale waliozima 2018 wangeona nyumba yako leo wangeridhika nayo. Tarehe 25 Juni mwaka 2025, vijana walipowakumbuka wenzao waliouawa mwaka mmoja kabla, si walijaribu tena? Mamlaka ya Mawasiliano iliamuru maandamano yasionyeshwe moja kwa moja, vituo vikakatwa, na safari hii mahakama ikaingilia siku hiyohiyo. Wangekuwa na raia waliokwisha choka kutazama, wasingehitaji kumtuma fundi kwenye mtambo.

Hapo naanza kukulaumu, na sitaki kukulaumu. Ngoja.

Wewe ndiye uliyenifumbua macho kuhusu Mswada wa Fedha wa 2024. Runinga ilikuwa imejaa watu wanaofokeana na sikuelewa hata mmoja. Ulikuja likizo na mswada wenyewe kwenye simu, ukaniketisha jikoni, ukanisomea kifungu baada ya kifungu kwa Kiswahili. Mkate utozwe ushuru wa asilimia 16. Gari litozwe asilimia 2.5 ya thamani yake kila mwaka. Nepi na sodo ziingie kwenye ushuru wa mazingira. Nilikuwa na miaka zaidi ya hamsini, nimesomesha watoto wa watu miaka thelathini, na sijawahi kuuona mswada. Siku ile ulipoondoka nilienda dukani nikamweleza muuza duka, akawaeleza wateja. Mkate na gari wakavitoa kabla ya kura. Mswada uliobaki wabunge wakaupitisha tarehe 25 Juni kwa kura 195 dhidi ya 106, na kesho yake Rais akakataa kuutia saini.

Ile kazi uliyoifanya jikoni kwangu haikukuchosha. Nilikutazama. Ulikuwa umechangamka kama siku ulipopata matokeo yako. Kilichokuchosha ni kile kilichofuata: kila siku mtu mpya akieleza maana ya yaliyotokea, kila siku picha zilezile za damu zikirudishwa kwenye kioo, majina ya waliopotea, mabishano ya nani alilipwa na nani. Ulikuwa unakaa nacho mpaka saa tisa usiku, na asubuhi una kazi. Hivyo viwili nikivitenganisha, swali lako nalijibu kwa urahisi. Nikivichanganya silijibu kabisa. Na hofu yangu ni kwamba wewe umevizima vyote viwili kwa kitufe kimoja. Umeusoma mswada wa mwaka huu? Sikuulizi kwa kukusuta. Nauliza kwa kuwa mimi sijausoma, nilikuwa nakungojea.

Halafu kuna jambo jingine ambalo sikutaka kuliandika, na nikiliacha barua hii itakuwa ya uongo. Jioni ile ya tarehe 25 Juni, intaneti ikikwamakwama na wewe hupatikani kwa simu, niliona kwenye runinga watu wameingia Bungeni na wengine wamelala barabarani wamefunikwa bendera. Nilitafuta viatu vyako. Nakwambia kweli, nilisogea mpaka pua ikagusa kioo nikitafuta viatu vyeupe nilivyokununulia. Ulipopiga saa nne usiku nilikugombeza, sikukwambia kwa nini. Basi ulipoarifu Jumapili kwamba umeacha yote hayo, moyo wangu ulishukuru kabla akili haijafika. Mama yako anataka uzime. Anataka ukae ndani ule ulale unenepe. Na mke wa babako hataki.

Nimeisoma tena hadi hapa na naona bado unangoja jibu. Ninalo. Liko hapa kwenye ncha ya ulimi, na ungekuwa mbele yangu ungeshalisikia mara tatu. Lakini umefika miaka ishirini na mitano, unalipa kodi yako na ya chumba, na mimi si msimamizi wa kuhesabu vichwa. Nikikwambia rudi, utarudi kwa ajili yangu, na utachoka tena kwa ajili yangu. Nikikwambia kaa hivyo hivyo, babako hatanisemesha huko aliko. Basi amua mwenyewe. Mchovu na apumzike, nimeshasema. Kuhama ndiko nisikokuelewa.

Kwa hayo ya kuhama, jambo moja la kufanya. Jina lako bado liko kwenye daftari la wapiga kura la kituo chetu hapa, ile shule ya msingi ulikosoma. Binti wa jirani anasema wenzenu wengi wamehamisha vituo vyao kwenda Nairobi, kwa kuwa nauli ya Agosti hupanda na ruhusa kazini ni shida. Ukitaka kuhamisha, tume ya uchaguzi, IEBC, wanahamisha kabla daftari halijafungwa. Chukua kitambulisho uende. Hilo sikuzuii. Mwaka 2022 ulipiga kura hapa, kisha usiku tukakaa na simu yako tukifungua zile fomu 34A za matokeo ya kila kituo zilizowekwa wazi mtandaoni, vituo zaidi ya elfu 46 nchi nzima, na tukaitafuta ya darasa lile tulilopigia sisi wawili mpaka tukaipata, na mwandiko wa msimamizi na saini za mawakala wote. Ulisema, "Baba angekesha." Angekesha, wallahi. Angenakili kila tarakimu kwenye daftari lake.

Ukiamua kubaki hapa, niambie mapema, treni ya Agosti hujaa. Na mswada, ukiupata, nitumie ule wenye herufi kubwa.

Nakuombea dua kila alfajiri.

Mimi mamako