Maswali na Majibu: Presha, mishipa na kanisa la kijijini

Wiki iliyopita nilieleza jinsi watafiti wa maradhi ya moyo kusini mwa Marekani wanavyoshirikiana na makanisa ya Weusi vijijini. Najibu maswali manne yaliyoletwa.

Kwa nini kanisani, wakati hospitali zipo?

Zipo, lakini kwa mtu wa kijijini Alabama au Mississippi mara nyingi ziko mbali. Na zaidi ya umbali kuna suala la kuaminiana. Kuanzia 1932 hadi 1972, katika kaunti ya Macon, Alabama, madaktari wa serikali waliwafuatilia wanaume Weusi 399 wenye kaswende bila kuwatibu, hata baada ya penisilini kujulikana kuwa inaponya. Waliambiwa wana "damu mbaya". Watoto na wajukuu hawajasahau, na wana haki ya kumhoji mgeni mwenye sindano. Mchungaji aliyemzika baba yako na kukubatizia watoto akisema, "Hawa nimekaa nao, nimewauliza," unakunja shati upimwe. Ila jina la mchungaji lisiazimwe kama chambo! Kanisa liwe na kauli tangu utafiti unapopangwa, na majibu yarudi kwa waumini.

Huwa wanapima nini?

Presha kwanza. Wengine hupima na ateri (mishipa ya kupeleka damu) za miguu: mkanda wa mashine hufungwa mkononi, kisha juu ya kifundo cha mguu, muuguzi akisikiliza mapigo kwa kifaa kilichopakwa jeli. Presha ya kifundo ikiwa chini ya asilimia 90 ya ile ya mkono, huenda ateri zimeziba. Mzee wako akibanwa na vigimbi kila anapotembea, na akisimama maumivu yanatulia, mpeleke akapimwe.

Mama anauziwa unga wa mitishamba wa "kuzibua mishipa". Anunue?

Hapana, dada yangu. Siidharau mimea wala viumbe wa asili. Lovastatini, dawa ya kushusha lehemu (kolesteroli, mafuta ya kwenye damu) iliyoidhinishwa Marekani 1987, ilitoka kwenye kuvu. Sirolimusi, dawa inayopakwa kwenye vijibomba vya kutanua ateri za moyo ili zisizibe tena, ilitoka kwa bakteria wa udongo wa Kisiwa cha Easter, kwenye bahari ya Pasifiki. Tofauti ni kipimo. Kwenye kidonge unajua miligramu ngapi. Kwenye unga ule hujui. Mchele mwekundu uliochachushwa una kemikali ileile ya lovastatini, na kiasi hubadilika kopo hadi kopo. Unga ukiwa na mchele huo, na mama akiunywa juu ya vidonge vyake vya lehemu, misuli inaweza kuumia. Abebe kopo lenyewe aende nalo kliniki.

Na mboga je?

Mboga ale. "Collard greens" za makanisa ya kule ni ndugu wa sukuma wiki yetu, na nitrati iliyomo husaidia mishipa kulegea. Kasoro ni nyama ya nguruwe yenye chumvi wanayochemshia. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiziache mboga hizi wala kuzizidisha ghafla. Ale kiasi kilekile kila wiki.