Gereji Wiki Hii: Injini Imebadilishwa, Mipira ya Hita Ipite Wapi?

Barua za wiki hii karibu zote zinahusu kubadilisha injini, na nyingi zinakwama kwenye vibomba viwili vya hita ambavyo mtu hakuvifikiria wakati analipia injini dukani.

*Fundi, salamu. Nina DX ya zamani, Toyota Corolla KE70. Nimeondoa injini ya 4K, naweka 4A-FE iliyotoka kwenye Corolla ya kuvuta kwa mbele. Injini inaingia, lakini distributa (kifaa kinachogawa umeme kwa plagi) inagusa mabomba ya hita yanayotokeza kwenye fayawoli, ule ukuta wa chuma kati ya injini na abiria. Fundi wangu ameshika grinda, anataka kuyakata. Nimruhusu? – Bondeni, Nakuru*

Mwambie aweke grinda chini kwanza. Kule ilikotoka, injini hiyo ilikaa kwa upana wa gari. Distributa na mdomo wa kutolea maji ya moto viko mwisho wa silinda hedi, upande wa flaiwili panapofungwa gia boksi, na kwenye Corolla upande huo una nafasi tele. Ukiigeuza ikae kwa urefu, mwisho huohuo ndio unaotazama fayawoli. Kwa hiyo unatafutia nafasi vitu vitatu: distributa na waya zake, mdomo wa maji, na mipira inayounganishwa hapo.

Pima kabla ya kukata, na usipime kwa macho. Kanda unga wa ngano uwe mgumu kidogo, bandika donge kwenye kifuniko cha distributa na jingine kwenye mdomo wa maji, kisha shusha injini taratibu mpaka ikae kwenye maunting zake, raba zinazoishikilia. Inyanyue tena uangalie donge limebanwa likabaki unene gani. Mimi nataka nione angalau milimita 25. Injini haitulii: ukikanyaga mafuta ghafla inainama upande, na maunting zikiwa zimechoka inainama zaidi. Bomba lisilogusa gari likiwa limezimwa linaweza kugonga kila ukiondoka kwenye taa.

Sasa nafasi itoke wapi? Anza kwa kusogeza injini mbele, ikiwa rejeta inaruhusu. Feni nyembamba ya umeme husaidia sana hapo. Ila kumbuka gia boksi inasogea nayo, kwa hiyo gia lever haitakaa katikati ya tundu lake, na propela shafti itatoka kidogo kwenye gia boksi. Sentimita mbili huvumilika mara nyingi. Tano ni kazi nyingine kabisa.

Ikishindikana, toa boksi la hita chini ya dashibodi. Ni kazi ya kuchosha, najua, na ndiyo maana mafundi huikimbia. Lakini mabomba hayo ni midomo ya rejeta ndogo ya hita yenyewe, na ukikata kwa nje bila kujua ndani kukoje, mtetemo wa grinda unaweza kupasua mahali yalipochomelewa. Ikiwa ni shaba, mpelekee fundi wa rejeta afupishe midomo na kuchomelea kona. Ikiwa ni alumini, usiiguse kwa moto. Nunua nyingine yenye midomo inayotazama unakotaka. Ukifupisha, acha milimita 30 au 40 za kushikia mpira, na ncha ivimbishwe kidogo pande zote. Bila uvimbe huo, mpira utachomoka siku ya joto hata ukiukaza vipi.

Kugonga fayawoli kwa nyundo kunakubalika pia, mradi boksi la hita na waya za nyuma yake zimetolewa, na usikaribie sehemu ya breki na stelingi. Ukimaliza, ziba kila ufa na upake rangi. Tundu likibaki, moshi wa injini utakufuata ndani ya gari.

Kuhusu mipira: chukua waya wa henga, ukunje ufuate njia unayotaka kutoka injini hadi hita, uende nao kwenye maduka ya spea zilizotumika. Tafuta mpira uliotoka kiwandani ukiwa na kona hiyo. Ule ulionyooka ukiulazimisha kona kali hukunjika na kufunga maji. Na tafadhali, kiungo kisikae juu ya distributa. Klipu ikilegea, tone dogo tu litaifanya injini ianze kukohoa, na utabadilisha plagi na waya zote kabla hujagundua ni maji.

*Mimi niko Kisumu, joto letu unalijua. Kwa nini nisiondoe hita kabisa nikaziba matundu, nafasi ipatikane? – Kondele*

Joto la Kisumu nalijua, lakini gari lina magurudumu. Siku ukipanda kuelekea Nakuru, mvua ikukute Londiani usiku, kioo cha mbele kitajaa ukungu na utaendesha huku unafuta na mkono. Hewa ya moto ndiyo inayokifungua. Na injini ikianza kuchemka njiani, kufungua hita mpaka mwisho na feni kwa nguvu hupunguza joto kiasi cha kukufikisha pahali salama pa kuegesha.

Ukishikilia uamuzi wako, usizibe matundu mawili kila moja peke yake. Kwenye baadhi ya injini njia ya hita ni sehemu ya mzunguko wa maji kabla thamostati (valvu inayofunguka maji yakipata moto) haijafunguka. Ukiiziba, thamostati inachelewa kupata maji ya moto na joto linapanda na kushuka ovyo. Unganisha tundu la kutoka na la kurudi kwa mpira mmoja uliopinda.

*Baada ya kubadilisha injini, hita inatoa hewa baridi tu, na huku kwetu asubuhi si mchezo. Mipira yote ni mipya. – Burnt Forest*

Shika mipira miwili injini ikiwa na moto. Mmoja ukichoma na mwingine ukiwa baridi, maji hayapiti: kuna hewa imekwama, valvu ya hita imefungwa, au rejeta yake imeziba. Baada ya kubadilisha injini mimi hushuku hewa kwanza, hasa kama mpira umepitishwa juu kuliko mdomo wa rejeta. Hewa hupanda na kukaa hapo.

Injini ikiwa baridi, egesha pua ya gari ikitazama mlima, fungua kifuniko cha rejeta, weka hita kwenye moto kabisa, washa na uongeze kulanti (maji ya kupozea injini) polepole mpaka mapovu yaishe. Kifuniko usikifungue injini ikiwa moto. Na ukague raba yake: huko juu, kwenye mita zaidi ya 2,700 kama Timboroa, maji yasiyobanwa na kifuniko huchemka kwenye nyuzi 91 hivi, hazizidi sana zile 82 ambazo thamostati nyingi huanza kufunguka. Kifuniko kibovu ambacho Kisumu hakikusumbui, huko kitakuchemsha.

*Bomba la chuma la hita limeliwa na kutu. Fundi amenitengenezea jingine kwa PPR ya kijani ya mabomba ya nyumba. Linafaa? – Mumias*

Halifai. PPR ni ya maji ya moto ya bafuni. Maji ya injini yanazidi nyuzi 90 kwa masaa, yana presha, na bomba linatetemeka muda wote. Litalegea kwenye viungo. Mpira wa bustani ni vilevile, na mpira wa petroli haukutengenezwa kwa kulanti. Tumia bomba la shaba lililofungwa kwa brakiti, na mpira wa hita wenye nyuzi ndani. Pima mdomo kwanza: mingi ni milimita 16, mingine 19, na klipu haiwezi kukuokoa ukikosea saizi.

*Injini mpya imekaa vizuri. Je, logbook (hati ya usajili wa gari) niiache ilivyo? – Section 58, Nakuru*

Usiiache. Namba ya injini imeandikwa kwenye logbook, kwa hiyo mabadiliko yanapelekwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama, kupitia tovuti ya serikali ya eCitizen, na gari likaguliwe. Tunza risiti na karatasi za injini. Kisha piga picha namba ya injini leo, kabla mipira na manifoldi hazijaifunika, maana mkaguzi ataitaka na wewe hutataka kufungua tena.