Maswali na majibu: Tufe jekundu la mwanzo wa mvua

*Mvua zikianza, ua jekundu la mviringo huchomoza chini ya mwembe wetu bila hata jani. Ni nini?* (Msomaji, Morogoro)

Ni Scadoxus multiflorus. Tunguu lake hulala ardhini kiangazi kizima. Ardhi ikilowa, mara nyingi bua la maua hutangulia, majani yakafuata. Unaloliita ua ni kundi la vimaua vinavyoweza kufika 200, kila kimoja na petali sita nyembamba na stameni zenye ncha za njano. Jaribu kuvihesabu uone.

*Kitabu changu cha zamani kinauita Haemanthus. Kimekosea?* (Msomaji, Arusha)

Hakijakosea, kimezeeka tu. Haemanthus ni jina la jenasi, yaani kundi la spishi za karibu, alilolitoa mtaalamu wa mimea Linnaeus, 1753, kutoka Kigiriki: damu na ua. Mtaalamu mwingine, Thomas Martyn, alipoueleza mmea huu mwaka 1795, aliuingiza humo. Mwaka 1838 mtaalamu wa mimea Rafinesque akautoa, akauita Scadoxus, jina ambalo kwa kawaida hufasiriwa kuwa mwavuli na utukufu. Wataalamu wengi hawakumjali. Jina likalala hadi 1976, wataalamu Friis na Nordal walipolifufua, tena kwa hoja unazoweza kuzikagua mwenyewe shambani: Haemanthus halisi ni wa kusini mwa Afrika, na majani yake manene hutoka moja kwa moja kwenye tunguu. Scadoxus ana majani yenye mshipa wa kati, na vikonyo vyake hukumbatiana vikafanya shina la uongo, kama mgomba. Kwangu mimi, jina linalomfaa zaidi ni lile la Martyn lililosalia, multiflorus: wenye maua mengi.

*Dukani wameandika "katherinae". Ni nani huyo?*

Katharine Saunders, mchoraji wa maua aliyeishi Natal, Afrika Kusini. Jina hilo ni la nususpishi ya huko, yaani kikundi ndani ya spishi hii, iliyoitwa kwa heshima yake.

*Tunguu lake linaliwa? Linafanana na kitunguu.* (Msomaji, Kitui)

Thubutu! Ni kweli ukoo ni mmoja na kitunguu maji, ila hili lina sumu, ikiwemo laikorini, inayotapisha. Sehemu kadhaa za Afrika limetumika kutilia sumu mishale na kuvulia samaki. Mbuzi akilitafuna, mwite daktari wa mifugo upesi.

*Nikilipanda kwenye chungu litachanua?*

Litachanua, mradi uache shingo ya tunguu ijitokeze juu ya udongo na upunguze maji majani yakianza kunyauka. Usilifukue kila mwaka. Likisumbuliwa mizizi, hususa kutoa maua.