Bonitas, fortitudo, iustitia: kiambishi kipi kinakwenda wapi?

Swali: Nipo seminari, nasoma Kilatini mwaka wa pili. Kutokana na kivumishi *bonus* (-ema) tunapata nomino *bonitas* (wema), kutokana na *fortis* (imara, jasiri) tunapata *fortitudo* (ujasiri), na kutokana na *iustus* (-enye haki) ni *iustitia* (haki). Kuna kanuni, au ni kukariri tu?

Jibu: Ndugu, kanuni moja ya kumaliza yote haipo. Sisi tumezoea u- ifanye kazi karibu peke yake: uzuri, urefu, upana. Kilatini kina -tas, -tudo, -ia na -itia, na vipo vivumishi vinavyochukua zaidi ya kimoja. Lakini hutakariri kila kitu, kwa sababu shina hutoa dalili.

Shina lenyewe usilitafute kwenye umbo la kwanza la kamusi. Litafute kwenye jenitivu, yaani umbo la umilikaji (“-a fulani”). *Audax*, jenitivu *audacis*: ondoa -is, inabaki *audac-*, ongeza -ia upate *audacia*. *Felix*, *felicis*, *felicitas*. Anayeanza na *felix* yenyewe hukwama kwenye x, na hapo ndipo wanafunzi wengi huanza kubahatisha.

Vivumishi vya -ns, ambavyo shina lake huishia na -nt, hupenda -ia: *prudentia*, *sapientia*. Vya -bilis, -alis na -osus kwa kawaida huchukua -itas: *nobilitas*, *curiositas*. Vya -ius hukwepa kurundika i mbili, ndiyo maana *pius* hutoa *pietas* na *varius* hutoa *varietas*. Maneno mengi ya vipimo yako kwa -tudo: *altitudo*, *longitudo*, *latitudo*, *magnitudo*. Ya -itia, kama *laetitia*, *tristitia* na *amicitia*, hayo kariri tu, si mengi.

Angalia *facilis*: ina *facilitas*, yaani wepesi, na *facultas*, yaani uwezo. Ukizichanganya kwenye tafsiri, maana inapotea.

Hata Cicero alisita. Mwandishi huyo wa Kirumi, katika kitabu chake *De natura deorum* (Juu ya asili ya miungu), mwaka 45 KK, alihitaji nomino ya *beatus* (mwenye heri), akaweka *beatitas* na *beatitudo* pamoja, akikiri kwamba yote mawili ni magumu ila matumizi yatayalainisha. Iliyoshika ni *beatitudo*, nayo bila shaka umekwisha kukutana nayo seminarini.

Jinsia isikusumbue: zote ni za kike. Sema *magna fortitudo*, si *magnus*, hata kama ile o ya mwisho inakuvuta kwingine. Jenitivu yake ni *fortitudinis*, na ya *bonitas* ni *bonitatis*.