Namba tasa yenye tarakimu milioni 41: tunawajibu wasomaji

Namba tasa iliyovunja rekodi ya ukubwa ni ipi, na je, ndiyo ya mwisho? (Tukuyu)

Ni 2 kwa kipeo cha 136,279,841, ukitoa 1. Ilithibitishwa Oktoba 2024, na aliyeipata ni Luke Durant wa Marekani, kupitia GIMPS, mradi wa watu wanaojitolea kompyuta zao kutafuta namba tasa za aina hii. Si ya mwisho: namba tasa hazina mwisho.

Nimekokotoa idadi ya tarakimu kwa logi nikapata 41,020,233. Jibu linalotajwa ni 41,024,320. Nimekosea wapi? (Mafinga)

Njia yako ni sahihi kabisa: zidisha kipeo kwa logi ya 2, chukua namba nzima, ongeza 1. Kilichokuangusha ni 0.3010 ya jedwali la tarakimu nne. Pengo lake ni dogo, kama 0.00003, lakini likizidishwa kwa milioni 136 linameza tarakimu 4,087. Weka 0.30102999566 utapata 41,024,319.945. Desimali hiyo usiitupe: 10 kwa kipeo cha 0.945 inakaribia 8.8, kwa hiyo namba yenyewe inaanza na 8.

Wanajuaje kuwa ni tasa bila kujaribu kigawanyo kimoja kimoja? (Njombe)

Kwa jaribio la Lucas na Lehmer, ambalo kwetu ndilo jambo zuri kuliko yote hapa. Chukua 127, yaani 2⁷ − 1. Anza na 4. Izidishe kwa yenyewe, toa 2, gawanya kwa 127, ubaki na baki tu. Rudia mara 5, yaani kipeo toa 2. Utapata 14, 67, 42, 111, kisha 0. Sifuri katika raundi ya mwisho maana yake ni tasa.

Sasa jaribu 2¹¹ − 1, yaani 2047. Raundi ya 9 inaishia 1736, basi si tasa. Na kweli, ni 23 × 89. Wanafunzi wengi hudhani kipeo kikiwa tasa inatosha. Haitoshi, ingawa ni lazima kiwe tasa.

Tafuta baki kila raundi. Ukingoja mwisho, tarakimu zinaongezeka karibu maradufu kila hatua na daftari litakushinda. Kwa namba ya rekodi raundi ni 136,279,839, na kosa moja katikati linaharibu zote zinazofuata. Ndiyo maana jibu hurudiwa kwa mashine na programu tofauti.

Nina steshenari Mwanjelwa. Kuichapa yote kungekula rimu ngapi?

Ukipanga tarakimu 100 kwa mstari na mistari 50 kwa ukurasa, ni kurasa 8,205. Pande zote mbili: rimu 8 na karatasi 103.

Inalinda miamala ya benki kwenye simu? (Iringa mjini)

Hapana, kwa sababu kila mtu anaijua. Ufunguo wa RSA (njia ya kuficha taarifa zinazotumwa mtandaoni) wa biti 2,048 hutengenezwa kwa namba tasa mbili za siri, kila moja ikiwa na tarakimu kama 308 tu.