Gari la michezo linaloendana na wewe: maswali na majibu

Barua za safari hii zimekuja nyingi kuhusu jambo ninalolipenda kuliko yote katika ukurasa huu: gari unalolinunua kwa sababu unataka kuliendesha, si kwa sababu lina nafasi ya magunia. Nimechagua chache, nazijibu moja baada ya nyingine.

Nimejichanga, sasa nachagua kati ya Altezza RS200 ya gia za mkono na Mark X ya lita 2.5. Moyo uko kwa Altezza, lakini kijiweni wote wanasema Mark X ndiyo mashine. Nifuate lipi? (Msomaji, Mwanjelwa, Mbeya)

Mdogo wangu, kwenye karatasi magari hayo yanalingana karibu kabisa. RS200 ya gia za mkono ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 210, Mark X ya kwanza ya lita 2.5 ina 215. Farasi watano hakuna anayewahisi. Kwa hiyo kijiweni wanapokuambia moja ina nguvu kuliko nyingine, wanachokieleza hasa ni namna nguvu hizo zinavyokuja, na hapo ndipo magari haya yanapoachana.

Injini ya Altezza hiyo ni ya silinda 4, lita 2, haina turbo, na nguvu zake zimekaa juu, huko kwenye mizunguko 7,600 kwa dakika. Chini ya 4,000 ni gari la kawaida la kwendea sokoni. Ukitaka likimbie lazima ulikamue: ubaki gia ya tatu wakati mwenzako kashaingiza ya tano, usikie mlio ukipanda na kuwa mkali, uguse klachi, urudie. Mark X ina V6, yaani silinda 6 zilizopangwa kwa umbo la V. Inavuta mapema, kimya kimya, gia zake sita za otomatiki zinajipanga zenyewe. Ukiwa umekwama nyuma ya semi linaloelekea Tunduma na barabara imefunguka mbele, Mark X unakanyaga tu, umeshapita. Altezza inakudai kwanza ushushe gia mbili, uwe umejipanga kabla nafasi haijatokea.

Kwa mtu mmoja hiyo ni kero. Kwa mwingine ndiyo starehe yenyewe. Anayetaka kufika Dar akiwa hajachoka, Mark X inamfaa na wala simlaumu. Lakini jiulize hivi: Jumapili alfajiri, huna safari wala aliyekutuma, ungewasha gari uende mpaka Isongole na kurudi? Kama jibu ni ndiyo, chukua Altezza. Wenzako wanajua wanachokipenda wao, ila wewe ndiye utakayekaa nyuma ya usukani.

Tahadhari moja. Kuna Altezza AS200, yenye injini ya silinda 6 na farasi 160 tu. Ni gari laini, zuri, lakini siyo hilo unalolisema. Beji ya nyuma hubadilishwa kirahisi, kwa hiyo fungua boneti na usome jina la injini: RS200 ni 3S-GE, AS200 ni 1G-FE.

Nilipokuwa Dar gari langu lilikuwa linachomoka. Nimehamia Mbeya, limekuwa zito. Fundi anataka kubadilisha pampu ya mafuta. (Msomaji, Forest, Mbeya)

Mwambie asubiri. Mbeya mjini tuko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Dar kwa takriban asilimia 15. Injini isiyo na turbo inavuta hewa ilivyo, hivyo inapoteza nguvu karibu kwa kiasi hicho hicho. Gari la farasi 150 hapa linafanya kazi kama la 130 hivi. Ukipanda njia ya Chunya, ambako lami inapita mita 2,400, linapungua zaidi.

Dalili ya altitudo ni uzito wa aina moja, kila siku, kila gia. Pampu inayokufa huleta kukatakata, au gari kuvuta vizuri kisha kuishiwa ghafla kwenye mlima mrefu. Kama lako halikatikati, badilisha chujio la hewa, kagua plagi, kisha lizoee gari lako upya.

Hili linaingia pia katika kuchagua. Gari la turbo linaikandamiza hewa kabla haijaingia kwenye injini, kwa hiyo huku juu linabaki na sehemu kubwa ya nguvu zake. Ndiyo sababu mtu wa Mbeya anayependa kusukumwa mgongo akikanyaga mafuta huridhika zaidi na turbo. Mimi binafsi bado napenda injini isiyo na turbo, kwa jinsi inavyojibu mguu papo hapo, hata nikijua nimeacha farasi kadhaa kwenye mlima wa Kitonga.

Naishi Makete. Napenda Toyota 86 kwa umbo lake, lakini mjomba anasema ninunue Subaru WRX. Nani yuko sahihi?

Mjomba, kwa sababu ya unapoishi. 86 ni gari la chini, linasukumwa na magurudumu ya nyuma, na raha yake yote iko kwenye lami. WRX inasukuma magurudumu yote manne, ilikulia kwenye mbio za rali, na madereva watatu walitwaa ubingwa wa dunia wakiwa na Impreza, gari ambalo WRX imetokana nalo: Colin McRae mwaka 1995, Richard Burns 2001 na Petter Solberg 2003. Barabara ya vumbi iliyonyeshewa ni mahali pake.

Ila niseme neno la kuitetea 86, maana wengi huidharau kwa farasi zake 200. Ilipotoka mwaka 2012 iliwekewa tairi za Michelin Primacy, aina iliyotumika pia kwenye Prius. Haikuwa ubahili. Tetsuya Tada, mhandisi mkuu wake, na timu yake walitaka gari ambalo tairi zinaanza kusema na dereva kwenye mwendo wa kawaida, siyo mpaka ufike mwendo wa kufa. Injini yake bapa imelazwa chini kabisa, hivyo mwili haupepesuki kwenye kona. Unaingia kona kwa 50 na unaijua kila sehemu yake. WRX kwenye kona hiyo hiyo haina habari, imeshika tu, inakungoja uongeze. Mwenye kupenda kushikwa achukue Subaru. Mwenye kupenda kucheza, na anayeishi penye lami, achukue 86.

Nina miaka 54, watoto wamemaliza shule, nataka gari la milango miwili. Mume wangu anasema ni la vijana. (Mama, Mafinga)

Shikamoo mama. Gari hilo ni lako kabisa. Kijana mara nyingi hununua gari la michezo kwa ajili ya macho ya watu, lakini wewe unajua unachokitaka na umeshaendesha vya kutosha kukitambua. Mambo mawili tu ya kukagua kwa mwili wako mwenyewe: kuingia na kutoka mara tano mfululizo, uone goti na mgongo vinasemaje, na kuangalia nyuma ukiwa unarudi nyuma, maana magari mengi ya milango miwili yana kioo cha nyuma kidogo. Kisha mpakie mzee, mwende pamoja hadi Sao Hill, mpite kwenye ile misonobari. Mpe usukani wakati wa kurudi.

Nataka gia za mkono lakini naogopa mlima wa kutoka Ipogolo kuingia mjini. Gari likirudi nyuma je? (Msomaji, Gangilonga, Iringa)

Breki ya mkono ndiyo dawa. Ukisimama mlimani, ivute. Wakati wa kuondoka, ongeza mafuta kidogo, achia klachi mpaka usikie mlio wa injini umeshuka na pua ya gari imeinuka kidogo, kisha ndipo ushushe breki ya mkono. Gari halitarudi hata inchi moja. Fanya mazoezi asubuhi na mapema mahali pasipo na bodaboda nyuma yako, na baada ya wiki mbili mguu utafanya wenyewe.

Naunga mkono uamuzi wako kwa nguvu zote. Gia za mkono kwenye milima yetu ni furaha, kwa sababu wewe ndiye unayejua kona inayokuja, gari halijui. Otomatiki nyingi za zamani zitapandisha gia katikati ya kona ya mlimani, halafu zishtuke na kuishusha tena. Na ukitelemka Kitonga kwa gia ya pili, injini inalizuia gari na breki zinabaki baridi kwa ajili ya dharura. Kamwe usitelemke kwa nyutro kwa kisingizio cha kubana mafuta. Gari la sindano za mafuta likitelemka ndani ya gia, mguu ukiwa umetoka kwenye mafuta, hukata mafuta lenyewe. Kwenye nyutro linaendelea kunywa.

Mazda MX-5 ya kufungua paa, Tukuyu, mvua hizi. Ni wazimu?

Siyo wazimu, ni kuchagua kizazi sahihi. Lile la kwanza la mwaka 1989 ndilo lenye roho tamu kuliko yote: injini ya lita 1.6 na uzito usiofika tani moja. Watengenezaji walisema dereva na gari wawe kama mpanda farasi na farasi wake, na ukishaligeuza mara moja kwenye kona za Kiwira unaelewa walimaanisha nini. Lakini paa la turubai lenye umri huo, kwa mvua za Rungwe, litakupa mazulia yenye ukungu na sakafu yenye kutu. Kwenu ningetafuta la kizazi cha tatu lenye paa gumu linalojikunja kwa umeme, lililoanza kuuzwa mwaka 2006. Linaongeza uzito kidogo na bado ni lile lile. Matundu ya kutoa maji pembeni mwa paa yazibuliwe kila mwanzo wa masika, maana yakiziba kwa majani maji yanaingia ndani.

Nishushe gari na kuweka rimu za inchi 19? (Makambako)

Hapana. Matuta ya hapo Makambako yatalivunja, na rimu nzito zinaua wepesi wa usukani uliolipia.

Nimeagiza Japani gari la mwaka 2012. Nimeambiwa ushuru wa uchakavu. Ni nini?

Gari lenye umri wa miaka 8 hadi 10 huongezewa asilimia 15, na lililozidi 10 asilimia 30, juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa kulingana na ukubwa wa injini, na VAT ya asilimia 18. Magari mengi ya michezo tunayoyapenda yameshapita miaka 10, kwa hiyo yanabeba mzigo wote huo. Ingiza taarifa zake kwenye kikokotoo cha TRA kabla hujatuma hata senti. Wengi wanaovunjika moyo bandarini walipiga hesabu ya bei ya Japani peke yake.

Muuzaji amenipa nusu saa tu ya kulijaribu. Nitalijuaje? (Msomaji, Uyole)

Nusu saa inatosha ukizima redio. Usianze na kukanyaga mafuta, maana gari lolote linalokimbia litakulewesha na hutasikia kingine. Kwanza kaa. Mikono ikifika juu ya usukani mabega yakiwa yameegemea kiti, na mguu wa kushoto ukimaliza klachi bila nyonga kunyanyuka, endelea. Kama sivyo, na kiti hakirekebishiki, shuka. Gari linalokukalia vibaya hutalipenda hata likiwa na farasi 400.

Kutoka hapo Uyole pandisha kuelekea Igawilo kwa mwendo wa kawaida. Kwenye kona pana ya kwanza, sikiliza viganja. Usukani mzuri unaongeza uzito taratibu kadiri unavyoukata, na unapita juu ya kiraka cha lami ukakisikia kidogo vidoleni. Usukani uliokufa una uzito mmoja mwanzo mwisho. Kisha gusa breki kwa kidole gumba cha mguu: linapungua kidogo kidogo kama unavyoomba, au linapiga magoti ghafla? Rudia kona ile ile ukirudi, ukiwa gia moja chini. Kama ulijikuta unatafuta sababu ya kurudia mara ya tatu, ladha yako imeshakujibu.

Mwisho inama uangalie tairi. Kwenye ubavu kuna tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka, 2319 ikiwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukikuta pia neno STUDLESS, hizo ni tairi za theluji za Japani. Mpira wake ni laini na huteleza kwenye lami yenye maji, kwa hiyo gari utakalolijaribu nazo litaonekana legelege hata kama halina kosa. Mwombe muuzaji aweke tairi za kawaida ulijaribu tena, au ukatwe bei ya tairi nne.